Mgeuze Nione Mgongo

"Mgeuze, mkunga, nione mgongo," Mwanasiti alisema, kabla hajauliza kama ni wa kike au wa kiume.

Kifungua mimba wake alizaliwa na mgongo wazi, akaishi siku mbili. Safari hii alianza kumeza vidonge vya asidi ya foliki, vya kuukinga mgongo wa mtoto, miezi mitatu kabla ya kushika mimba, huku mama mkwe wake, Bi Tausi, akimcheka: "Unamlisha mtoto ambaye hata hajatumwa!"

Mkunga alipitisha kidole kutoka shingoni hadi kiunoni. "Mgongo umefunga vizuri, mama. Alhamdulillahi."

Bi Tausi, aliyesimama kando ya kitanda, hakucheka. Alinawa mikono, akainama.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia Mwanasiti, na kidole chake kikaanza kushuka taratibu juu ya mgongo ule mdogo, wenye joto.