Hazadi za Tela

"Weka soketi ya chuma, fundi," alisema Esta. "Ya plastiki italegea kwenye njia ya mlima ya Chome."

Tela lilikuwa la kuazima. Baba yake alikaa mbele kwenye pikapu, blanketi magotini. Hospitali walikuwa wamewaambia wamrudishe tu nyumbani.

Nilipolala chini kuunga nyaya za taa za tela kwenye pikapu, Esta akachuchumaa karibu na sikio langu. "Breki na indiketa ni sawa, lakini hazadi ndizo zisiniangushe. Siku hiyo watu watapanda pikapu, na tela..."

Huku kwetu gari la msiba hupanda mlima hazadi, yaani indiketa zote mbili, zikiwaka na kuzima pamoja mpaka nyumbani kwa marehemu. Nikakaza skrubu ya mwisho zaidi ya ilivyohitajika, mpaka kiganja kikauma.

Sina msaidizi. Aliyemo ndani ya gari ndiye hunijaribia taa.

"Shikamoo, mzee. Unaweza kusogea kwenye usukani unikanyagie breki?"

"Marahaba." Alisogea taratibu, akipumzika katikati. Taa nyekundu zikawaka.

"Indiketa ya kushoto. Haya, ya kulia. Ahsante mzee, inatosha."

Hazadi ningezijaribu mwenyewe, akishashuka kunyoosha miguu.

Nilikuwa naokota koleo langu indiketa zote mbili za tela zilipoanza kuwaka na kuzima kwa pamoja. Esta akasimama.

"Fundi," mzee aliita, bila kugeuka. "Mbona hizi hamjaniambia nizijaribu?"