Sikio la Ukutani

Tangu watu wa mtihani walipotufungia sikio ukutani, kila neno la Kiswahili lililosemwa humu ndani lilimpunguzia binti yangu Sikudhani alama moja ya Kiingereza. Mimi Kiingereza sikijui, basi miezi minne nikaishi kama bubu.

Siku moja nikikaanga maandazi, mafuta ya moto yakanimwagikia mguuni. Nikajitia kanga mdomoni nisipige ukelele. Sikudhani akainua uso kitabuni, akafungua kinywa aniambie pole. Kisha akatazama ukutani, alama zinapowaka kwenye sikio: tisini na moja. Akafumba kinywa, akafunua ukurasa.

Amefaulu. Sikio wameling'oa. Kidonda kimefunga, pole yangu bado naingoja.

Jana kaniuliza, “Mama, mbona siku hizi hukaangi maandazi?”