Fundo Ndani ya Mkuyu

"Mama, kuna kanga humu," mkataji alisema, akaweka shoka chini.

Winifrida ndiye aliyemwita auangushe mkuyu wa nyuma ya nyumba, pale Msimbazi. Alisogea. Gome lilikuwa limeimeza ile kanga miaka kumi na moja, rangi imeisha, fundo bado lipo.

Siku ya mafuriko mumewe alimfunga mtoto wao kwenye shina hili, kisha akarudi majini kumvuta yeye. Walipoufikia mti, mtoto hayupo.

"Hukukaza." Winifrida alimwambia mumewe hivyo mbele ya ndugu, mbele ya padri, hata hospitali, mwanamume wa watu akikata roho.

Aliligusa fundo. Gumu kama jiwe.

"Aliyefunga hapa alijua kufunga," mkataji alisema. "Kanga yenyewe ndiyo iliyochanika. Ona, ilikuwa imechakaa. Niendelee?"

Winifrida alipapasa pale ilipochanika.

Siku ile mumewe alinyoosha mkono, akapiga kelele, "Nipe kanga!" Mwilini Winifrida alikuwa na mbili, kuukuu na mpya.

Ile mpya ipo sandukuni mpaka leo.