Ile Isiyokwama

"Kati ya hizi mbili, ipi inakwama sana?" mwanamke aliuliza.

Muuzaji alitabasamu. Wateja wa bastola humuuliza ipi ina nguvu, ipi inaingia mfukoni, ipi ina bei nafuu. Huyu alianzia kwenye kasoro, kama mtu anayenunua gari lililotumika. Alimpenda papo hapo.

"Ya kukwama ni hii ya magazini," alisema, akaigonga kwa ukucha ile nyeusi, bapa. "Inabeba risasi nyingi, ila springi imechoka. Mwenyewe aliirudisha. Ukifyatua moja, ya pili inang'ang'ania ndani. Sasa hii ya silinda," akaisogeza rivolva, "ni sita tu, lakini haina maringo. Ukiivuta, inaitika."

"Kila mara?"

"Kila mara, mwanangu."

Mwanamke alivaa blauzi ya mikono mirefu na joto lote lile, na mkono wa kushoto aliulaza tumboni kama si wake. Hakugusa bastola hata moja. Jicho lake halikubanduka kwenye mlango wa kioo.

Muuzaji hakuhitaji kuchorewa picha. Binti yake wa pili alirudi nyumbani mwaka juzi na sanduku moja, taya limefungwa waya, na yeye baba mtu akabaki kumsagia chakula anywe kwa mrija. Na mkwe aliyemvunja taya hilo, yeye hakumfanya lolote. Hasira ile mpaka leo ilikuwa imemkaa kooni.

"Anayekusumbua ni wa nyumbani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Aliitikia kwa kichwa. "Amesema ataniua. Ameshasema mara nyingi, mzee wangu. Ila safari hii hakupiga kelele aliposema."

"Na polisi?"

"Wanasema nikayamalize nyumbani."

Muuzaji alitikisa kichwa. Angekuwa na uwezo angefunga duka, akamfuata yeye mwenyewe mshenzi huyo. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, na alichokuwa nacho cha kumpa mtu ni kile kilichokuwa mezani.

"Mtu akiwa na hasira," mwanamke aliuliza, "mikono inamtetemeka, hiyo ya magazini anaweza kuikwamua haraka?"

"Hawezi. Mpaka aivute, aitikise, atafute risasi ilikonasa, mwenzake ameshafika barabarani."

"Basi nipe hiyo."

Muuzaji akadhani hakueleweka. Akarudia tangu mwanzo, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Nipe hiyo hiyo. Nakuomba." Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

Maskini, woga umemchanganya, aliwaza muuzaji. Akaitia ile ya magazini kwenye droo na kugeuza ufunguo. "Kama ni bei, nitakupunguzia. Hapa hatoki mtu na kitu ambacho nisingempa mwanangu wa kumzaa." Akaipangusa rivolva kwa kitambaa, akaitia mafuta, akaizungusha silinda hadi ikalainika. Moyo wake ulikuwa mweupe. Kwa binti yake alichelewa. Kwa huyu hatachelewa.

Mwanamke aliitazama ile droo iliyofungwa. Akakaa kwenye stuli.

"Kibali unacho?"

"Kiko kwenye gari. Kinaletwa."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, uso wa bashasha. "Shikamoo, mzee," alisema, akakabidhi kibali kwa mikono miwili. Muuzaji alishusha pumzi. Afadhali, kumbe ana kaka. Alikisoma kibali juu hadi chini: picha ni ya mwanamume huyo, mihuri yote ipo, hakuna pa kutilia shaka. Akagonga muhuri wake na kumkabidhi rivolva.

"Hii haikwami hata iweje," alimhakikishia. "Nimeiandaa kwa mkono wangu."

Mwanamume aliipima uzito kiganjani, akaitazama, akaridhika. Mkono wa pili akauweka begani kwa mwanamke.

"Umechagua vizuri, mke wangu," alisema. Kisha akamgeukia muuzaji, akacheka kidogo. "Mimi ndiye niliyemwambia aingie achague mwenyewe, mzee. Isije siku ikifika, akalalamika hakushirikishwa."