Kola ya Mkuu wa Polisi

Kwa miezi minne Sikudhani alikuwa akiwashonea mashati wanamgambo wa Wenye Mji, wale waliochoma nyumba za wageni waliohamia mjini na kuapa kuwafukuza wote. Walimwona kuwa mwenzao. Hawakujua kwamba kila jina alilolidarizi ndani ya kola alilinakili kwenye daftari, wala kwamba alasiri ile alikusudia kulipeleka kwa mkuu wa polisi.

Asubuhi hiyo kiongozi wao, Mtulia, aliingia kibandani kwake na mtu wa kupimwa. Sikudhani akainua macho. Alikuwa mkuu wa polisi mwenyewe, bila sare.

"Mpime vizuri, dada," Mtulia alisema. "Huyu ndiye anayetukinga."

Sikudhani alimzungushia tepu kifuani. Akasoma namba, akaisahau kabla ya kuiandika, akapima tena.

"Unaumwa?" mkuu aliuliza.

"Njaa tu, afande. Sijatia kitu mdomoni tangu jana." Kisha akauliza alichowauliza wote: "Nikudarizie jina gani?"

Wanaume wale wakatazamana. Mtulia akacheka. "Mwambie tu. Huyu ni wetu."

"Jina langu lote," mkuu alisema, "na cheo. Anza na kola. Nasubiri hapa hapa."

Akaketi mkabala naye. Sikudhani aliulenga uzi kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Mkuu akainama, akaichukua sindano taratibu, akautia uzi, akamrudishia huku akimtazama usoni.