Kamba na Unyasi wa Kobe

Kiangazi kilipokausha kijito, Kobe aliwapima urefu kamba walioishi humo kwa unyasi. Aliyeufikia aliruhusiwa kuhamia bwawani, kwani aliye mfupi angemezwa na kambare. Kamba mmoja alipimwa siku ishirini mfululizo, asiongezeke hata kidogo.

“Mjukuu wangu, nimepiga hesabu,” alisema Kobe. “Hata mwakani utakuwa hivihivi.”

Kesho yake maji yalibaki vidole viwili. Kobe akapima tena. “Si nilisema? Vilevile!”

“Babu, hapo umepima nguo,” ikajibu sauti kutoka chini ya jiwe. “Gamba hilo nimelivua alfajiri. Sisi hukua siku tunayobadili.”

Kamba akatoka, mwili laini, akiupita unyasi. Kobe, ambaye hajavua gamba tangu azaliwe, alicheka mpaka akakohoa, kisha akambeba mgongoni hadi bwawani, asichubuke.