Nyuki wa Dirishani

"Tulia, mama, sikuui," Mwalimu alimwambia nyuki, akamgusa mgongoni kwa ncha ya njiti aliyoichovya kwenye rangi ya kucha.

Nyuki alimaliza kufyonza maji ya sukari kwenye kizibo cha chupa, akaruka zake na nukta nyekundu. Mwalimu akabaki anakodolea macho dirisha lililokuwa wazi kidogo tu.

Miaka yote aliyofundisha biolojia, hilo ndilo somo alilolipenda. Mwanafunzi akipiga kelele, "Mwalimu, yule nyuki karudi!" yeye humkata kauli: "Umejuaje kuwa ni yule? Nyuki wote sura moja. Mtie alama kwanza, ndipo useme." Darasa zima hucheka. Sasa darasa hakuna, mke ametangulia, na binti yao wa pekee amempa baba yake kisogo, hakanyagi hapa. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Rangi ilikuwa ya marehemu mkewe. Ajabu, chupa ilikuwa imejaa pomoni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke na kikombe cha chai. Mgeni tena. Jana alikuja mwingine, juzi mwingine. Hata kuzoeana hakuna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kakutuma binti yangu, siyo?"

Mwanamke alilinyanyua dirisha kidogo, ndipo akalisukuma, likafunguka lote bila kukwama. Dirisha hilo huwasumbua wageni wote.

"Anatuma watu, mwenyewe haji," Mwalimu alisema. "Ukimwona mwambie sina kinyongo naye. Nimemkumbuka tu. Aje hata dakika moja, asimame hapo mlangoni nimwone."

Mwanamke aligeukia nje.

"Nitamwambia, baba. Kunywa chai, itapoa."

Chai ilikuwa haina sukari, kama anavyoipenda. Akainywa taratibu. Alipokuwa anaweka kikombe chini, nyuki akatua kizibani, na nukta yake mgongoni.

"Unamwona?" Mwalimu alichangamka kama mtoto. "Huyu ndiye wangu! Mdudu huyu, lakini karudi."

"Na mimi nitarudi kesho."

"Wote husema hivyo, binti. Hajarudi hata mmoja."

Aliposema hayo alimtazama nyuki, kisha mwanamke, kisha nyuki. Akajicheka. Mwalimu mzima, na jambo dogo kama hilo halikumjia siku zote hizi!

Akachovya njiti kwenye rangi.

"Hebu niazime mkono."

Mwanamke alikuwa ameshaunyoosha, kiganja chini. Mwalimu akauvuta kwenye mwanga, akainama kutafuta pa kutia alama.

Kila ukucha ulikuwa tayari na nukta nyekundu, nyingine zinang'aa, nyingine zimeanza kubanduka.